Uvunguni mwa Nyumba za Wazungu

Vijana wa karakana wameniomba niandike kidogo kabla sijabeba sanduku langu la vyombo kwenda nyumbani. Nimekubali, lakini nasema mapema: mimi niliishia darasa la tatu, na mwalimu wangu wa kweli hakuwahi kushika chaki. Atakayeona kosa la herufi alisahihishe moyoni. Mvi bado hazijanijaa. Wenzangu wanastaafu kwa uzee, mimi nastaafu kwa goti lililokufa na kifua kinachopiga filimbi nikipanda ngazi. Vyote viwili nilipewa na watu wenye majina, na majina yao nitayataja, maana wao hawakuona haya kulitaja langu.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, ndivyo tunavyoambiwa. Aliyesema hivyo nadhani alikuwa anatafuta kiatu chini ya kitanda. Uvungu wetu ulikuwa chini ya nyumba nzima, na kuinama peke yake hakukufikishi popote. Wazungu wa Nakuru siku zile waliinua nyumba zao juu ya nguzo fupi za mawe, wakaweka sakafu ya mbao, na kati ya mbao na udongo pakabaki nafasi ya mtu kulala kifudifudi na kujivuta kama mjusi. Chini ya kuta, pande zote, waliacha matundu madogo ya kupitisha hewa. Nyuma, karibu na jikoni, palikuwa na kilango cha mbao. Huko ndiko nilikoingilia maisha.

Nilitoka Maragoli nikiwa kijana mwenye mke na mabega mapana, nikidhani nitapewa kazi ya kubeba mawe. Mwenye kazi aliitwa Pettifer, Mzungu mkandarasi aliyekuwa na yadi karibu na stesheni. Jina la kwanza katika yale niliyoahidi, likae hapo tutalirudia. Alinitazama, akatazama mabega yangu, akasema, "Hii kubwa sana. Nakwama." Halafu akanipeleka hivyo hivyo kwa Mzee Gathirimu.

Gathirimu hakuwa mzee wa miaka. Tulimwita mzee kwa sababu alikuwa na ukimya wa wazee. Alikuwa Mkikuyu aliyezaliwa kwenye shamba la Mzungu huko Dundori, mwembamba kama mpini wa jembe, na alifanya kazi ya useremala na uashi pamoja, jambo ambalo mafundi wengine walililaumu kama vile ni kuoa dada wawili. Siku ile ya kwanza tulikuwa kwenye nyumba ya karani mmoja wa Kizungu, upande wa kwenda Menengai. Akanipa gunia la kulalia, taa ya kandili, na msumari mrefu wa inchi sita.

"Huu msumari wa nini, Mzee?"

"Ni daktari. Ingia."

Niliingia. Nyuma yangu akaja yeye. Giza, utando wa buibui usoni, vumbi la Nakuru lile jeupe laini linaloingia hadi kwenye meno. Tulipofika katikati akaniambia nizime taa.

"Nizime?"

"Macho yatakudanganya. Vuta hewa kwanza. Unasikia nini?"

"Uvundo."

"Hata mtoto atasema uvundo. Uvundo wa nini?"

Hapo nililala tumbo kwenye udongo, mtu mzima mwenye mke, nikifundishwa kunusa. Akaniambia uvungu una harufu za aina tatu kubwa. Kuna ya kitu kilichokufa: panya, paka, nyoka. Hiyo ni tamu tamu, inakuja kwa ghafla na kuondoka yenyewe ukivumilia. Kuna ya bomba lililopasuka, maji ya bafu au ya choo. Hiyo inakuja na kwenda kulingana na saa za Mzungu kuoga. Na kuna ya tatu, ya udongo unaotoa jasho na mbao zinazolala nalo. Hiyo haiji wala haiendi. Inakaa. Inaingia kwenye nguo kabatini, kwenye mkate, kwenye nywele za watoto. "Hiyo ya tatu ndiyo chakula chetu," akasema. "Washa taa sasa umwite daktari."

Daktari alifanya kazi hivi. Unachomeka msumari kwenye boriti kwa nguvu ya mkono tu, bila nyundo. Ukigoma, mbao ni nzima. Ukiingia kama kwenye kiazi kilichochemshwa, mbao imekufa na sakafu inasubiri tu mtu mnene. Ile siku uliingia hadi kichwani. Juu yetu tukasikia mke wa karani akitembea na viatu vya kisigino, na Gathirimu akaninong'oneza, "Tuombe asicheze dansi."

Kazi yenyewe haikuwa na siri, na ninyi mnaotumia taa za betri na pampu za umeme bado mnaifanya ile ile, mkipenda msipende. Kwanza unatafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi hayatoki chini, yanatoka juu: mfereji wa bati umetoboka, mvua inamwagika karibu na ukuta, udongo umeinama kuelekea nyumba badala ya kuikimbia. Unaziba mfereji, unachimba mtaro, unapanga udongo upya. Halafu unafungua matundu ya hewa, maana kila Mzungu alikuwa na mke, na kila mke alikuwa na maua, na maua yote hupandwa juu ya tundu la hewa. Unaondoa mbao zilizooza, unapaka mpya dawa nyeusi ile inayochoma ngozi. Mwisho unamwaga changarawe kavu na chokaa, unaning'iniza magunia ya makaa yanywe harufu iliyobaki. Ukitaka kujua kama udongo umeacha kutoa jasho, unafunika sahani ya bati chini usiku kucha. Asubuhi ukiifunua ikiwa kavu, umemaliza. Ikiwa na matone, rudi kwenye mtaro.

Chokaa bila hewa, Gathirimu alisema, ni kumpaka mafuta mtu asiyeoga.

Tulizunguka nyumba nyingi miaka hiyo ya mwanzo. Njoro, Rongai, Gilgil, Dundori kwenye baridi inayoingia mfupani. Pettifer alitubeba nyuma ya lori pamoja na magunia ya makaa, tukafika tukiwa weusi mara mbili. Lakini nasema kweli, nilikuwa na furaha. Asubuhi ukishuka Dundori unaona bonde lote chini limefunikwa na ukungu na ziwa linang'aa upande wa mbali, na wapishi wa Wazungu, watu wetu, wanatuletea chai kwenye makopo kwa mlango wa nyuma kabla mabwana hawajaamka. Mtu akinitajia ujana, nasikia harufu ya makaa na chai ya kopo.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Gilgil aliyekuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya simba. Nyumba inanuka mwezi mzima, amebadilisha mabomba, amefukuza mpishi. Tulipoingia uvunguni tukakuta mifupa, ngozi ya swara, na kichwa cha mbuzi kimetunzwa vizuri kama ghala la serikali. Mbwa alikuwa na njia yake kwenye kona. Alituona tukitoa mali yake akalia kama mtu aliyefiwa. Bwana akakataa katakata. "Hapana mbwa yangu. Mbwa yangu iko safi sana." Gathirimu akavua kofia, akasema, "Ndiyo Bwana. Kumbe ni mbuzi aliingia mwenyewe, akaacha mwili nje." Bwana alifikiri kidogo, akakubali.

Hayo yalikuwa kabla ya Imajensi, ile hali ya hatari Wazungu waliyoitangaza kwa sababu ya wapiganaji wa Kikuyu wa msituni.

Imajensi ilipokuja kila mtu alibadilika, hata milango. Wazungu wa mashambani walilala na bunduki. Wakikuyu walianza kuchujwa: lori linakuja, watu wanapangwa mstari, mtu amefunikwa gunia lenye matundu ya macho anapita akitikisa kichwa, ndiyo huyu, hapana huyu. Ukitikisiwa ndiyo, unapelekwa kambi za mbali za joto, na mkeo anapandishwa gari kupelekwa kwenye hifadhi ya Wakikuyu asiyowahi kuiona tangu azaliwe. Gathirimu alitembea na karatasi zake za ruhusa kifuani ndani ya kipande cha turubai, na akawa mkimya zaidi. Mimi Mmaragoli sikuguswa sana. Walituita Kavirondo na kutuhesabu kama wajinga, na siku zile ujinga ulikuwa pasi nzuri kuliko zote.

Basi Pettifer akaona biashara. Akawazungukia mabwana na mamemsahib akawaambia: mtu wa msituni anaweza kujificha wapi? Uvunguni. Chini ya kitanda chako, chini ya watoto wako, unamkanyaga asubuhi ukienda kunywa chai. Dawa ni kufunga matundu yote kwa matofali na simiti, na kilango kuwekewa kufuli. Wote walikubali siku hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtu gani wa msituni anaweza kupita kwenye tundu linaloingia kiatu kimoja. Hofu haipimi upana.

Kazi ya kufunga hakutupa sisi. Alimpa nyapara wake Barnaba na genge lake. Barnaba huyu, jina la pili, alikuwa mtu wa kutabasamu na kila mtu, na alitembea mikono nyuma kama anakagua gwaride. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi na ananisalimia kwa sauti kubwa nikipita. Anayemwitikia ni goti langu hili bovu. Genge lake lilifunga nyumba za Nakuru hadi Dundori, na Gathirimu alipoona ya kwanza alisimama akaigusa simiti mbichi kwa kidole.

"Wameiziba pua na mdomo," akasema. "Sasa ngoja mvua."

Mvua ya masika ilikuja nzito. Nyumba ya kwanza kutoa kilio ilikuwa ya Memsahib Loxley, mjane mwenye shamba la viazi na ng'ombe wa maziwa huko juu Dundori. Mpishi wake aliitwa Kimemia. Yeye na Gathirimu walikuwa rika moja, walitahiriwa asubuhi moja kwenye mto mmoja, wakauguza kidonda pamoja. Kwa Wakikuyu jambo hilo halina mlango wa kutokea. Rika yako akiitwa, umeitwa na wewe.

Pettifer alitutuma na debe la chokaa na dawa ya choo. "Nyinyi namwaga ndani, nafunga, narudi. Hapana gusa tofali. Sikia? Mimi nasema funga, iko funga."

Tulipofika, Memsahib alikuwa verandani na kitambaa puani. Kimemia amesimama uani akiwa ameshika aproni yake kwa mikono miwili.

"Iko kitu kufa chini," Memsahib akasema. "Au iko nyama. Mimi najua hii maneno. Kimemia naficha chakula ya watu ya msitu. Mimi naambia ofisa. Kesho kutwa nakuja na mbwa, napeleka Kimemia."

"Memsahib, mimi nimekupikia tangu Bwana akiwa hai," Kimemia akasema.

"Nyamaza."

Alisema bila ukali. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema kama mtu anayefunga dirisha.

Tuliingia. Sijawahi kuona uvungu kama ule. Maji yalining'inia kwenye kila boriti kama shanga. Ukungu mweupe ulikuwa umepanda nguzo kama uji uliofurika sufuria. Nilichomeka daktari akaingia bila kuuliza. Hakukuwa na nyama wala mzoga wala mtu. Ilikuwa harufu ya tatu, tena ile iliyofungiwa, ikawa kali hadi ikafanana na ya kwanza. Nilimuelewa Memsahib. Mtu asiyejua angeapa kuna maiti.

Gathirimu alitoka akamweleza polepole kwa Kiswahili chao, akamwonyesha kipande cha boriti. Memsahib akakinusa, akakiachia. Akaenda kwenye simu. Tulimsikia akiongea Kizungu na Pettifer, halafu akarudi. "Bwana Pettifer nasema wewe naongopa. Nasema Kikuyu moja nasaidia Kikuyu ingine."

Tulimwaga chokaa kama tulivyoamriwa. Tukakaa nyuma ya ghala la viazi, Kimemia akatuletea chai.

"Mbwa wa askari," akasema, "atafika hapa atanusa kitu kinachonuka, atabweka. Mbwa hasemi ni ukungu."

"Hatabweka," Gathirimu akasema.

"Utamzuiaje?"

"Hatapata cha kunusa."

Nilijua alichokuwa anawaza. "Mzee, Pettifer amesema tofali lisiguswe. Na wewe ni Mkikuyu. Ukikutwa unafungua shimo chini ya nyumba ya Mzungu, hutachujwa. Utapelekwa moja kwa moja."

"Najua mimi ni Mkikuyu, Kisia. Nilikuwepo walipoamua."

Tulimwambia Memsahib tunabaki kuchimba mtaro, na kesho yake asubuhi aliteremka mjini kwa gari kupeleka maziwa. Tukaanza upande wa nyuma na wa zizi, ambako hakuna anayepita. Nilishika nyundo na tindo, nikapiga tofali la kwanza likapasuka vipande vitatu. Gathirimu alininyang'anya nyundo.

"Tofali lililovunjika haliwezi kurudishwa. Wakitaka kufunga tena kesho, waone limekaa tu hapo linasubiri. Tuwape njia ya kurudi nyuma bila aibu."

Akaonyesha. Alilowesha simiti kwa maji, akachukua tindo nyembamba, akakwangua kiungo kimoja baada ya kingine, ile simiti ya kati ya tofali na tofali, kama mtu anayesafisha kucha za mtoto. Nyundo hakuigusa. Halafu akaweka kiganja juu ya tofali akalitikisa kidogo, na lilitoka zima, na kona zake zote. Nilijaribu jingine, likapasuka. Akasema niache, nibebe. Basi yeye alitoa na mimi nikapanga, yale mawili niliyovunja nikayafukia, na kwenye kila tundu tukapigilia wavu wa waya wa kuku ili asipite hata kicheche. Matundu mawili ya mbele chini ya veranda hatukuyagusa, yangeonekana barabarani.

Upepo wa Dundori ulifanya yaliyobaki. Unajua ule upepo, unavua mtu kofia. Uliingia upande mmoja ukatoka mwingine, na jioni Memsahib aliporudi alisimama sebuleni akitikisa pua.

"Chokaa iko mzuri," akasema.

"Ndiyo Memsahib," Gathirimu akajibu. "Chokaa iko mzuri sana."

Ofisa alikuja na mbwa. Kimemia alisimama pale uani, na mimi nilikuwa nachimba mtaro nikijifanya siangalii. Mbwa alizunguka nyumba, akafika kwenye kilango, akanusa, akapiga chafya kwa sababu ya chokaa, akainua mguu kwenye ua la Memsahib. Basi. Ofisa alikuwa kijana, akacheka. Kimemia aliingia jikoni kupika chakula cha mchana, na chakula kile kilikuwa na chumvi mara mbili, lakini Memsahib alikula chote.

Tungeondoka salama. Lakini Barnaba alitumwa kuhesabu madebe ya chokaa, na alipofika alizunguka nyuma, mikono nyuma, akaona waya wa kuku. Alitabasamu, akapanda baiskeli. Saa za alasiri lori la Pettifer lilikuja pamoja na Land Rover ya ofisa yule yule.

Pettifer alikuwa mwekundu kama nyanya. Na hapa nataka muelewe, maana mimi mwenyewe nilielewa nikiwa nimesimama pale. Kama matundu yamefunguliwa na harufu imeondoka, basi ni yeye aliyeozesha sakafu za nusu ya Wazungu wa bonde hili. Lakini kama matundu yamefunguliwa na Mkikuyu, kwa siri, kwenye nyumba ambako mpishi Mkikuyu alishukiwa, basi hayo si mambo ya sakafu tena. Ni njama, na Pettifer anakuwa shujaa aliyeigundua. Alikuwa anamtaka Gathirimu. Macho yake hayakuniona hata kidogo.

"Nani iko fungua hii?"

Tulikuwa tumepangwa mstari: Kimemia, Gathirimu, mimi. Memsahib alikuwa verandani. Niliona Gathirimu anavuta pumzi ya kusema, nikamwahi.

"Ni mimi, Bwana."

"Wewe?"

"Mimi. Kulikuwa na joto uvunguni. Nilitaka hewa."

Ofisa akacheka tena, alikuwa mtu wa kucheka. "Kavirondo nataka hewa." Barnaba hakucheka. Alienda kwenye rundo la matofali tuliyopanga, akachukua moja, akaligeuza.

"Bwana, hii ni uongo. Hii tofali iko mzima, zote mzima. Huyu Kisia mimi najua kazi yake. Akigusa tofali navunja. Mtu anatoa tofali namna hii iko moja tu hapa." Akamwangalia Gathirimu na tabasamu lake lile.

Pettifer akaenda kwenye ngazi za veranda, akagonga kwa kiatu pale mbele, kwenye tundu lililofungwa.

"Toa hii," akaniambia. "Mzima. Kama navunja, mimi najua nani nafungua."

Nimefanya kazi nyingi tangu siku hiyo. Nimetoa bomba chini ya hospitali, nimeinua sakafu ya kanisa na kwaya iko juu yake. Hakuna kazi niliyowahi kuiogopa kama tofali lile moja. Nilipiga magoti. Nikaomba maji, Kimemia akaleta kwenye jagi la Memsahib la maua. Nililowesha. Nikashika tindo nyembamba, na kiganja changu kilikuwa na jasho kuliko uvungu. Gathirimu alikuwa nyuma yangu, hakuweza kusema neno. Nilimsikia tu anavuta pumzi polepole, na nikaanza kukwangua kwa kufuata pumzi ile. Akivuta, nakwangua. Akitoa, napumzika. Simiti ya Barnaba ilikuwa na mchanga mwingi kuliko simiti, aliiba hata hapo, na Mungu amsamehe kwa sababu wizi huo ndio ulionisaidia. Kiungo cha juu kikafunguka. Cha kushoto. Cha kulia. Cha chini kikakataa. Nikamwaga maji tena. Kisha niliweka tindo chini, nikaweka kiganja, nikatikisa kama mtu anayeamsha mgonjwa.

Lilitoka. Zima.

Niliinuka nikampa Pettifer mkononi. Aliligeuza akitafuta ufa. Halafu alilipiga kwenye jiwe la ngazi likapasuka, akasema kwa ofisa, "Peleka hii."

Walinipandisha Land Rover. Memsahib alikuwa ameshaingia ndani. Barnaba alifungua mlango wa gari akanisukuma, na goti langu likagonga chuma; hapo ndipo lilipoanzia. Selo ya mjini walikoniweka ilikuwa ya simiti iliyomwagwa juu ya udongo bila nafasi wala tundu, maji yanatoka kwenye sakafu kama jasho, na askari mmoja wa zamu ya asubuhi alipenda kuligonga goti lile lile kila siku kwa kirungu akiuliza kama bado nataka hewa. Jina lake sikulipata, ndilo pekee ninalokosa. Nililala hapo masika yote. Nilinusa harufu ya tatu mchana na usiku, na hakukuwa na tindo. Kifua changu kilitoka huko.

Waliniachilia bila maneno. Pettifer alikuwa amenifuta kazi, na baadaye aliuza yadi akaenda kusini kabla ya Uhuru, na hakuna aliyemuuliza juu ya sakafu zile. Nilitembea kwa mguu mmoja na fimbo mpaka kwenye vibanda vya mafundi nyuma ya stesheni. Sikujua nitakuta nini. Watu walikuwa wanachukuliwa kila wiki.

Mlango wa Gathirimu ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda ananoa randa. Aliniona, akaangalia goti, akaangalia fimbo, akarudi kwenye jiwe lake la kunolea.

"Lile tofali," akasema. "Ulianzia kiungo cha juu."

"Ndiyo, Mzee."

"Tunaanzia chini. Ukianzia juu, uzito wote unakaa kwenye kiungo cha mwisho, ndipo linapopasuka."

"Nilisahau, Mzee."

"Mm." Akajaribu makali ya randa kwa kidole gumba. Akasimama, akanisogezea kigoda chake, akaenda kumwaga chai kwenye makopo mawili, na aliponipa langu hakuachia mara moja. Tulilishika wote wawili.

"Nimepata kazi kwa Mhindi mmoja," akasema. "Kimemia bado anapika kwa Loxley, anakusalimia. Goti likipoa kuna nyumba Njoro. Wamefunga matundu yote, na wanasema kuna maiti."